Nywele za Chanuo

Kila Jumatatu tunapeleka nywele zilizobaki kwenye chanuo, kila mtu na bahasha yake, na mashine ya mtaa inazisoma kujua nani anaumwa. Anayeumwa hufuatwa na gari jeupe siku hiyohiyo. Sijaona aliyerudi.

Nilikuwa nakuna nazi ujumbe ulipoingia: "Tunu, miaka saba, ana ugonjwa. Mwandaeni."

Nikamtazama mwanangu akiruka kamba uani. Hata mafua hana.

"Mama," nikamwita mama yangu, "jana ulimchana Tunu kwa chanuo gani?"

"Hili langu." Chanuo lake la mti, alilorithi kwa bibi, alikuwa amelichomeka kichwani. La plastiki halitaki, anasema linakata nywele.

"Na kwenye bahasha yako huwa unatia nywele za nani?"

"Zako. Zangu nazifukia. Tangu utotoni nilifunzwa, nywele zako usimwachie mtu."

"Ulijua unaumwa?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani."

Nikashika simu niwaambie wamekosea. Nikashindwa. Kumwokoa Tunu ni kumtaja mama yangu.

Yeye hakungoja. Alitandika mkeka, akaketi katikati ya magoti yangu, akanipa kopo la mafuta ya nazi.

"Nisuke twende kilioni. Gari likija, napanda mimi."

Ile mistari minene ya harakaharaka, wanayosukana wanawake wakipata habari ya msiba.

Nilikuwa mstari wa tatu honi ilipolia nje.

"Usitetemeke, mwanangu," akasema. "Utaupindisha."