Kidole Gumba cha Ooko

Weldon alikuwa ameshainua kikwangulio alipoiona ile alama.

Giaboksi ya Rover ya mwalimu mstaafu wa Sotik ilikuwa mezani, kifuniko kimetolewa. Ukingoni, kwenye gundi ya zamani iliyokauka ikawa ngumu kama ukucha, mtu alikuwa ameacha alama ya kidole gumba. Katikati yake lilipita kovu.

Kovu hilo alilijua. Feni ya injini ndiyo iliyomkata Ooko, na Weldon ndiye aliyemfunga kitambaa. Miaka kumi na minne walifungua injini pamoja hapa Kericho, mmoja akishika, mwingine akikaza. Kisha ukaja ule mwaka wa ghasia za kura, watu wa kabila la Ooko wakafukuzwa, naye akapanda lori na watoto na godoro moja. Weldon alimwona kupitia ufa wa mlango. Hakutoka.

Tangu hapo anashika mwenyewe na kukaza mwenyewe.

Gundi ya zamani usipoikwangua yote, mafuta yatavuja. Ooko ndiye aliyemfundisha hilo.

Alikwangua ukingo wote, polepole, akaacha pale penye kidole tu. Akafunga.

Jumamosi mwalimu alipokuja kuchukua gari, alikuta chupa ya mafuta kwenye kiti.

“Hii ni ya nini, fundi? Gari zako hazivujangi.”

“Hii itavuja kidogo, mwalimu. Utakuwa unaongeza.” Weldon alijifuta mikono. “Lakini usikubali mtu mwingine aifungue.”