Mavi ya Ndovu

Hekaya hii aliisimulia kwanza Bibi Msimu binti Kombo, masika ya mwaka 1961.

Korongo, mpenda usafi, alimcheka Ndovu: “Shoga, mwanao anakula mavi yako! Kwani nyasi zimekwisha?” Ndovu akaona haya, akamkataza bintiye. Haukupita mwezi, mtoto akadhoofika. Kila jani alilokula lilimharisha.

Fuko, mjuzi wa yaliyofichika, akamwambia, “Mama, askari wa mwili wake hawana mwalimu. Wanapiga chakula, adui wanampisha. Walimu wao ni vijidudu vya tumboni mwako, navyo husafiri kwa mavi.”

Ndovu akanya palepale, Korongo akitazama. Mtoto akala, akapona.

Fuko na Korongo wamekwisha kufa. Ndovu yu hai. Bintiye naye yu hai, na wanawe hula mavi yake hadharani.