Muhogo wa Mwakani

Uvumi ulienea mjini kwamba kikosi cha askari kutoka nchi ya Kidura, kilichovuka mipaka miwili kuja kuulinda mji usio wao, kingeondoka Ijumaa. Mama Nyasige alikuwa anaelekea kwenye lori la wakimbizi, furushi kichwani, alipomkuta Koplo Rugambo wa kikosi hicho akipanda muhogo kando ya handaki.

"Mwanangu, huo utakomaa lini?"

"Mwakani, mama."

"Na nani atakuja kuung'oa?"

"Tutaung'oa sisi." Koplo hakuinua hata kichwa.

Mama akazitazama zile pingili za muhogo ambazo koplo alizisimamisha wima, akasonya.

"Udongo wa huku hautaki hivyo. Pingili hulazwa."

Akatua furushi, akanyoosha mkono kupokea jembe. Barabarani lori likapiga honi, likapiga tena.