Uwanja Usio na Nguzo

Watu wa mbele waliposimama kushangilia, Mama Gracieuse alishika kiti cha magurudumu cha binti yake, akangoja kilio. Katika viwanja viwili walivyosafiri kuvitembelea, mtoto aliishia kuona migongo tu.

Kilio hakikuja. Mama akatazama chini. Huku Durban, sehemu ya viti vya magurudumu ilikuwa imeinuliwa juu ya vichwa vya watu waliosimama, na paa zima lilining'inia kwenye tao kubwa, bila nguzo hata moja ya kuziba macho.

"Aliyechora hapa alilelewa na mama mwenye akili," alisema, akapita mbele ya kiti kupima kwa kiganja kimo cha ukuta mfupi wa ukingoni.

Uwanja ukalipuka: "Goooli!"

"Eish, mama!" Gracieuse akapiga kelele. "Toka mbele yangu!"