Jina la Mfungaji

"Tordoff anaupokea, anampiga chenga wa kwanza, anamwacha wa pili, Tordoff kafunga," alisema mtangazaji kwa sauti ambayo wapenzi wa raga wa Yorkshire, Uingereza, waliijua tangu yeye mwenyewe alipokuwa mchezaji wa jezi namba saba.

Mwenzake akakifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mzee, umesema nani?"

"Tordoff. Miwani yako umeiacha baa?"

"Aliyefunga ni yule kijana wa Fiji. Tordoff tulimzika mwaka juzi. Wewe ulibeba jeneza upande wa kichwa, mimi miguuni."

Mtangazaji alicheka, lakini mwenzake hakucheka. Kule chini kijana alikuwa akikumbatiwa na wenzake. Asubuhi hiyo watangazaji hao wawili walikuwa wamekunywa naye chai, na sasa jina lake halikumjia mzee.

Kidole cha mzee kikapapasa kovu juu ya jicho lake, lile alilolipata siku walipogongana vichwa yeye na Tordoff, wakanyunyiziwa maji na kurudishwa uwanjani. Ugonjwa wa kusahau uliomuua Tordoff nao ulianzia kwenye majina.

Bwana, aliomba moyoni, nirudishie hili moja tu.

Mwenzake akaondoa kiganja. Watu walikuwa wakisubiri kuambiwa ni nani aliyefunga.