Udongo wa Bi Nyamizi

Fundi Mbaruku alikuwa anakunjua zulia la nyasi bandia mbele ya duka jipya la vitambaa, kazi yake ya kwanza tangu aache kuwa kibarua, Bi Nyamizi mfinyanzi alipopita, akainama, akaufinya udongo.

"Mwanangu, unatandika nyasi juu ya chungu? Udongo huu haupitishi maji."

"Bibi, fundi hapa ni mimi."

"Haya, fundi." Akatoboa shimo kwa kidole gumba, akalijaza maji. "Yakinywewa na udongo kabla sijamaliza kutafuna tambuu yangu, nitakuomba radhi."

Tambuu iliisha. Maji yalikuwa palepale, na ndani yake uso wa Mbaruku.

Akalikunja zulia. Siku tatu alichimba udongo, akamwaga kokoto, akashindilia, kisha akalitandika tena zulia. Udongo wote akampelekea bibi kwa mkokoteni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sasa wewe ni fundi."

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha kwa hasira. Bi Nyamizi alikuja amejifunika kanga, akautua mtungi mpya, wa udongo uleule, juu ya nyasi. Mbaruku alichuchumaa kando yake, ameloa chapachapa, anacheka. Mtungi ulikuwa unajaa taratibu. Nyasi zilikuwa bado zinakunywa.