Wimbo wa Ndovu Kijana

Katika bendi ya kinamasini, Chiriku aliimba, Chura alipiga ngoma, na Ndovu kijana alitunga nyimbo. Mbili zilikuwa zimeshakataliwa. Huu wa tatu nao ukikataliwa, angetolewa. Akauanza kwa sauti nzito ya chini kabisa.

“We dogo,” Chiriku alicheka, “huo ni wimbo au tumbo linanguruma? Mbona sisikii kitu!”

Ndovu aliinamisha masikio kwa haya, ila hakunyamaza.

“Chiriku, hebu tua hapa,” Chura alinong’ona. “Ngoma inatikisika, wala sijaigusa.”

Chiriku alitua juu ya ngozi. Mtetemo ukampanda miguuni, ukamjaa kifuani, manyoya yakamsimama.

“Rudia, kaka,” Chiriku aliomba. “Safari hii nitasikiliza kwa miguu.”